Timu iliyoshindwa mara 80: uvumilivu peke yake hautoshi

Viongozi wanapenda kuwaambia watu wenye shida kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini historia ya timu moja ya chuo kikuu huko Texas, Marekani, inaonyesha kwamba watu wanaweza kuvumilia miaka na miaka bila kuona hata bichi, ikiwa wenye mamlaka hawatimizi kazi yao.

Timu hiyo ni ya chuo kikuu cha Prairie View A&M, karibu na mji wa Houston. Kati ya mwaka 1989 na 1998 ilipoteza mechi 80 mfululizo. Katika mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, hakuna timu nyingine iliyofikia idadi hiyo.

Mchezo huu si mpira wa miguu unaochezwa Goma, Bukavu au Uvira. Mpira wake una umbo la yai, na mara nyingi hubebwa au kurushwa kwa mikono. Kila timu huingiza wachezaji 11 wenye kofia ngumu, na wanagongana kwa mwili mzima. Anayefikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani anaipatia timu yake pointi 6. Kushindwa katika mchezo huu kunaumiza moyo, na mwili pia.

Mwaka 1991

Msimu wa 1991 ulikuwa mgumu kupita yote. Prairie View ilicheza mechi 11 na kushindwa zote. Ilipata pointi 48 tu, nayo ikafungwa 617. Ni kama pointi 56 kwa kila mechi. Siku ilipokutana na Alabama State, matokeo yalikuwa 92 kwa 0.

Mtu akisoma hesabu hizo bila kujua chanzo chake, atasema vijana wale walikuwa wavivu au hawakujua kucheza. Hukumu hiyo si ya haki.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya vijana weusi, miaka 11 tu baada ya utumwa kuisha Marekani. Kilijengwa katika shamba ambalo zamani lililimwa na watumwa. Chini ya kocha Billy Nicks, kati ya 1953 na 1964, timu yake ilitwaa mara tano ubingwa wa kitaifa wa vyuo vya watu weusi. Wapinzani waliiogopa.

Kisha vyuo vikubwa vya wazungu, vyenye pesa nyingi, vikaanza kuchukua wachezaji weusi. Vijana wenye vipaji wakaenda huko. Baadaye yakaja matatizo ya ndani: hesabu za fedha za michezo zikaonekana kuwa na kasoro, na mwaka 1990 uongozi ukasimamisha timu. Ilirudi uwanjani mwaka 1991, lakini bila msaada wa masomo kwa wachezaji.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Marekani, masomo ya chuo kikuu ni ghali mno. Mchezaji hodari huenda pale atakapolipiwa karo, chumba na chakula. Vyuo vilivyopambana na Prairie View viliweza kutoa msaada huo. Prairie View haikuwa nao. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Nani ajibu?

Wapo watakaosema kwamba chuo maskini kinafanya vizuri kuweka pesa kwenye masomo, si kwenye mpira. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kama pesa hakuna, uongozi una njia mbili za heshima: kusimamisha mchezo, au kutafuta timu za kiwango kimoja nao. Kuwapeleka vijana wa watu kugongana na walioandaliwa vizuri zaidi, kisha aibu ikabaki kwao, si njia ya heshima.

Vijana hao wanastahili sifa. Waliendelea kufanya mazoezi, wakasoma, na wakarudi uwanjani wakijua nchi nzima inawacheka. Tarehe 26 Septemba 1998, mjini Oklahoma City, waliifunga Langston pointi 14 kwa 12. Mechi 80 za huzuni zikaishia hapo. Hata hivyo, ushindi mmoja haukurudisha yote. Ubingwa wa ligi yao waliupata mwaka 2009, wa kwanza tangu 1964.

Habari hii inawahusu Wakongomani pia. Familia nyingi zilizokimbia vita zimepokelewa Marekani, na Texas ni kati ya majimbo yaliyopokea wengi. Watoto wao wanaukuta mchezo huu shuleni. Wazazi wanaoona mtoto anarudi nyumbani ameshindwa wasiharakishe kumwita mzembe. Waulize kwanza timu yake ina nini, na ile nyingine ina nini.

Na hapa nchini, waliohama makwao wanasikia wimbo wa uvumilivu kila mgeni mkubwa anapopita. Wanasifiwa kuwa wajasiri, wanapigwa picha, kisha gari linaondoka. Sifa hizo hazina ubaya. Ubaya ni pale zinapochukua nafasi ya unga, dawa, shule na usalama wa kurudi shambani. Mama anayelala na watoto sita katika darasa la shule hakuchagua kuwa mfano wa ujasiri.

Kwa hiyo, atakayekuja tena kuhubiri uvumilivu aulizwe kwa adabu maswali mawili: ni nini kilichoahidiwa, na kiko wapi? Wachezaji wa Prairie View walifanya sehemu yao mara 80. Waliotakiwa kuwapa vifaa na msaada ndio waliochelewa.