Kiingereza cha Simuni

Mwezi huu safu yetu ya lugha inaingia mahali ambapo wengi wetu hupakwepa, nako ni simuni. Wapo miongoni mwetu wanaozungumza Kiingereza bila taabu dukani, kazini na ndani ya basi, lakini simu ikilia na namba ikawa ngeni, mara humkabidhi mtoto aijibu. Si ajabu. Uso kwa uso, mtu husema kwa macho, kwa mikono na kwa tabasamu; simuni hubaki maneno matupu. Msemaji wa upande wa pili haoni kwamba umekunja uso kwa kutoelewa, wala wewe huioni midomo yake.

Habari njema ni kwamba maneno ya simuni si mengi, na yaleyale hurudiwa kila siku. Baadhi yake ni makongwe kuliko simu zenyewe tulizonazo mkononi. Simu ina nasaba yake hapa hapa Ontario: tarehe 10 Agosti 1876, Alexander Graham Bell alisikia, akiwa mjini Paris (Paris ya Ontario, si ile ya Ufaransa), sauti za watu waliokuwa Brantford, umbali wa kama kilomita 13. Baadaye zikaja simu za ukutani, ambazo chombo chake cha kusikilizia kilitundikwa kwenye ndoano mazungumzo yakiisha. Ndiyo maana wenyeji husema "hang up", yaani tundika, pale ambapo sisi husema kata simu. Ndoano imetoweka, neno limebaki. Nasi pia tu vivyo hivyo: neno letu "simu" asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya, tunaliita hivyo hata lile lisilokuwa na waya wowote.

Sasa tutazame mtego wa kwanza. "Hang up" ni kukata. "Hang on" ni kusubiri. Ni neno moja dogo tu lililobadilika, na maana imegeuka kinyume chake. Karani akikuambia "hang on", usikate, amekuomba umngoje. Akiuliza "Can you hold?", hakutaki ushike kitu chochote; anauliza kama utaweza kubaki kwenye simu. Akisema "Bear with me", asikutishe kwa dubu. Maana yake ni "nistahimilie kidogo". Na akisema "You're breaking up", hakuna aliyevunjika wala ndoa iliyokufa. Ni sauti yako inayokatikakatika kwa mtandao mbovu. Ama "My phone died", hiyo haihitaji rambirambi, chaji imekwisha.

Mtego wa pili ni majina yetu. M na N, B na P, D na T hufanana sana simuni. Mwenye jina la Mwanajuma akitaja herufi zake haraka, ataandikwa Nwanajuma, na siku ya miadi hospitalini jina lake halitaonekana. Wenyeji hupambanua herufi kwa neno linalojulikana: "M as in mother, W as in water". Kila mmoja wetu na atayarishe jina lake kwa namna hiyo, aliandike na kulibandika karibu na simu. Kwa herufi ya mwisho msiwe na wasiwasi: Kanada husema "zed", kama tulivyofundishwa shuleni kwetu.

Mtego wa tatu humo katika bili. "Plan" si mpango wa maisha, bali ni makubaliano yako na kampuni ya simu. "Roaming" kwa asili ni kuzurura. Simuni ni gharama ya kutumia laini yako ya hapa ukiwa nje ya nchi, kama wafanyavyo wengi wetu waendapo Mombasa au Unguja kutazama wazee. Kanuni za simu za mkononi za Kanada, zilizoanza kutumika tarehe 2 Desemba 2013, zinaizuia kampuni kukutoza zaidi ya dola 100 kwa mwezi kwa data ya "roaming", isipokuwa wewe mwenyewe umekubali. Kwa hiyo ujumbe ukija ukikuuliza kama unakubali kuendelea, usijibu "yes" kabla ya kuuelewa. Hilo neno moja ni saini yako.

Lakini shabaha yetu leo si dola. Ni mtoto yule tuliyemkabidhi simu. Watoto wetu hukishika Kiingereza mapema, nasi twajivunia, na ni haki yetu. Hata hivyo, ulimi wa mtoto una mipaka ambayo si ya lugha. Si vyema mtoto wa miaka kumi awe wa kwanza kusikia majibu ya vipimo vya mama yake, kisha aachiwe yeye kuamua aseme lipi na afiche lipi. Si vyema abebe maneno makali ya mwenye nyumba kumfikishia baba yake. Na mwalimu akipiga simu kulalamika juu ya mwanafunzi, kisha mwanafunzi huyo huyo ndiye anayetafsiri, basi mshtakiwa amekuwa hakimu; msishangae kuambiwa kila mara kwamba mwalimu anawasalimu tu.

Dawa yake ni sentensi moja: "I need a Swahili interpreter, please." Yaani, nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Iseme polepole, bila ya kuona haya. Hospitali nyingi hutumia wakalimani, na hata kwa simu wapo. Ukipiga 311 kwa huduma za jiji, au 211 kwa huduma za jamii, unaweza kuomba mkalimani. Vilevile ukipiga 911 wakati wa hatari. Huko utaulizwa kwanza: "Police, fire or ambulance?" Jibu kwa neno moja, taja anwani yako, kisha taja "Swahili". Kila aliyemo nyumbani na aihifadhi anwani hiyo kwa Kiingereza, bibi na babu wakiwamo.

Lipo neno moja zaidi la kuhifadhi, nalo tumekwisha kulitaja. Matapeli hupiga simu wakijifanya maofisa wa kodi, wakisema kuna hati ya kukukamata, wakitaka ulipe saa ile ile kwa kadi za zawadi za dukani. Idara ya kodi ya Kanada haidai malipo kwa kadi za zawadi kamwe, wala haitumi polisi kwa vitisho vya simu. Tapeli atakusihi: "Don't hang up!" Naam, hapo ndipo pa "hang up". Kumkatia simu mtu kwetu ni utovu wa adabu, na tapeli anaitegemea hiyo adabu yako. Adabu ina wenyewe. Mwizi si mmoja wao.

Zoezi la mwezi huu ni hili. Baba au mama apige 311 mwenyewe, aulize taka za mtaa wake huchukuliwa siku gani. Hilo si jambo la hatari, na aliyeajiriwa kujibu yupo kwa kazi hiyo. Mtoto akae kando, anyamaze, hata mzazi akikwama. Ukikwama, sema: "Could you repeat that, please?" Atarudia. Kuuliza si ujinga.

Wiki ya kwanza ulimi utakuwa mzito. Haba na haba hujaza kibaba. Siku itafika, Inshaallah, simu italia kwa namba ngeni, na mtoto hatainua kichwa kutoka kwenye kitabu chake, kwa kuwa anajua mwenye nyumba ataipokea.