Umri wa Seva

Juu ya seva, yaani zile kompyuta zikaazo katika vituo vya data mchana na usiku kutuhifadhia habari za intaneti, watu huuliza jambo moja tu: zatumia umeme kiasi gani? Swali hilo si baya, maana mwaka 2024 vituo vya data vilitumia kiasi cha asilimia 1.5 ya umeme wa dunia nzima. Lakini kwetu sisi wa Kenya naona halitoshi.

Mwezi wa Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, kitakachoendeshwa kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Wengi walishangilia kwamba hiyo ni kazi isiyo na moshi. Moshi upo, ila umebaki kule seva ilikotengenezwa. Chipu zake nyingi hutoka Taiwan, ambako umeme mwingi ni wa makaa ya mawe na gesi, na viwanda vyataka maji mengi sana. Mwaka 2021 mvua zilipokosekana huko, mashamba mengi ya mpunga yalikatiwa maji, na viwanda vikapelekewa yao kwa malori. Fikirini, wasomaji, hali ya mkulima aliyeyatazama malori hayo yakimpita!

Basi umeme ukiwa safi, madhara makubwa ya seva yamekwisha kutendeka kabla haijawashwa. Hapo jambo kubwa ni umri wake. Mwaka 2022 Microsoft waliongeza umri wa seva zao kutoka miaka 4 hadi 6. Wanafunzi wa hesabu wagawanye: mzigo wa kila mwaka wapungua kwa theluthi nzima. Lakini mwaka 2025 Amazon walipunguza umri wa baadhi ya seva zao kutoka miaka 6 hadi 5, kwa kuwa mitambo ya akili mnemba yabadilika upesi.

Wako wasemao kwamba seva mpya hula umeme kidogo kwa kazi ile ile. Ni kweli, na penye umeme wa makaa hoja hiyo ina nguvu; penye mvuke wa Olkaria sioni nguvu yake.

Tena, mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyoandikwa kuwa imekusanywa na kutumiwa upya ipasavyo. Kwa hiyo kituo cha namna hii kikijengwa kwetu, mkataba utaje seva zitatumika miaka mingapi, na nani atakayezichukua zikichakaa.