Kujiamini Hakuletwi na Semina

Vijana wenzetu wakimbizi, na ninyi ndugu zetu wa mashirika, leo tunasema wazi kutoka huku Kigwena.

Kila tukichoka tunaitwa semina. Tunapewa soda, tunafundishwa kupumua polepole, tunaambiwa "jiamini". Kesho yake tunarudi kwenye kazi ileile. Mhamasishaji mmoja ana wakubwa watatu, kila mmoja na amri yake. Mkalimani anaitwa saa tano usiku bila zamu, abebe Kibembe, Kirundi na Kifaransa, pamoja na kilio cha mama aliyefiwa. Orodha ikikosewa ofisini, anayetukanwa ni yeye, maana ndiye jirani. Halafu eti stresi ni udhaifu wake!

Hapana, wandugu. Tangu 1979 mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba kinachomvunja mfanyakazi si wingi wa kazi peke yake, ila kazi nyingi asiyo na uwezo wa kuamua lolote ndani yake. Na mwongozo wa IASC wa 2007, ambao mashirika yenyewe yaliukubali, unataka afya ya akili ya wafanyakazi na wa kujitolea ilindwe pia. Sisi tumo humo.

Tazameni wavuvi wa ndagala hapa ziwani. Kazi yao ni ngumu: usiku, baridi, mawimbi. Lakini huyu anashika taa, yule kamba, na kila mtu anajua nani wa kumuuliza. Mbalamwezi ikiwaka sana, taa hazivuti samaki, basi wanapumzika. Kijana mgeni akiingia humo anajiamini upesi, kwa sababu anajua kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi.

Mtatuambia dharura haingoji ratiba, watu wanavuka usiku. Kweli. Ndiyo maana zamu zinatakiwa zipangwe mapema, siyo mtu mmoja aamshwe kila siku.

Tunataka mambo manne: mkubwa mmoja wa kutuagiza; zamu zilizoandikwa; kiti kwenye kikao kinachopanga kazi; na haki ya kusema "hili limenizidi" bila jina kufutwa.

Mtu hajiamini kwa kuambiwa. Anajiamini akipewa kazi inayoeleweka na sauti inayosikilizwa. Pangeni kazi kwanza. Semina tutakuja, na soda tutakunywa.