Vibonzo visiwafanye kaka na dada mahasimu

MASHINDANO si jambo geni katika Kisiwa cha Mombasa. Mwanzoni mwa karne ya 20, vikundi vya beni vya Kingi na Skochi vilitambiana kwa gwaride na ngoma, nao wanawake wakashindana katika vyama vyao vya lelemama. Aliyezidiwa leo alijiandaa kujibu kesho.

Ushindani unaowafikia watoto wa Mji wa Kale kupitia runinga ni wa sura nyingine. Katika katuni ya Marekani ya Dexter's Laboratory, iliyoanza mwaka 1996, mvulana ndiye mwanasayansi. Dadake, Dee Dee, huingia maabarani bila kualikwa na kuharibu. Mtoto hucheka, lakini huenda akaondoka na funzo kwamba akili ni ya kaka na vurugu ni za dada.

Baadhi ya watayarishaji wamejaribu kurekebisha kwa kupindua mizani: msichana awe shujaa, mvulana awe zuzu. Mombasa ina sababu ya kulihofia hilo. Mji wa Kale umeshuhudia dawa za kulevya zikiwaangamiza vijana, hasa wa kiume. Kumfunza mvulana kwamba yeye ni wa kuchekwa tu hakumfaidi dadake kwa lolote.

Hata hivyo, Afrika Mashariki imeonyesha njia ya tatu. Katika Ubongo Kids, kilichoanza Tanzania mwaka 2014, wasichana na wavulana hufumbua mafumbo ya hesabu pamoja. Katika Super Sema, kazi ya Kenya iliyozinduliwa mwaka 2021, Sema na pacha wake wa kiume, MB, hutumia sayansi na ubunifu kulinda kijiji chao. Adui ni Tobor, mtawala dhalimu, wala si ndugu.

Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano hutaka vipindi vya saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku vifae familia nzima. Kanuni hizo huweza kuzuia matusi na umwagaji damu. Dharau ya ndugu kwa ndugu, ikivishwa kicheko, hupita bila kuguswa.

Hapo ndipo mzazi anapohitajika. Kipindi kinapomalizika, na awaulize wanawe: nani alipata jibu, nani alichekwa, na kwa nini? Iwapo jibu ni lile lile kila siku, msichana au mvulana, kipindi hicho kimeshamchagulia mmoja wao nafasi yake duniani.