Kufuli ya mwenye nyumba si hukumu ya mahakama

Mfanyabiashara anafika asubuhi mbele ya duka lake na kukuta kufuli ya pili juu ya ile yake. Ndani kuna bidhaa alizochukua kwa mkopo, daftari la madeni ya wateja, wakati mwingine hata pesa ya mauzo ya jana. Akimpigia simu mwenye nyumba, jibu huwa fupi: lipa kwanza, mlango utafunguliwa baadaye. Butembo, Beni, Bunia, Kisangani au Lubumbashi, jambo hili limezoeleka kiasi kwamba hata wapangaji wengi huamini ni haki ya mwenye nyumba. Si haki yake.

Kodi isiyolipwa ni deni la kweli na mpangaji anapaswa kulilipa. Lakini mwenye nyumba hana ruhusa ya kujihukumia kesi yake, kujitekelezea hukumu na kushika mali ya mwenzake kwa siku moja. Anayefanya hivyo anageuka kutoka mtu anayedai kuwa mtu anayedaiwa, na wapangaji wengi wanapoteza biashara zao kwa sababu tu hawajui hilo.

Sheria gani inalinda duka?

Kwanza, kuna mchanganyiko wa kuondoa. Watu wengi, hata katika ofisi za Habitat, wanataja sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015. Sheria hiyo inahusu upangaji usio wa kikazi, yaani hasa nyumba za kuishi. Duka, depo, saluni, famasia au karakana vina sheria yao: sheria ya pamoja ya OHADA kuhusu biashara, inayotumika Kongo tangu tarehe 12 Septemba 2012.

Sheria hiyo haidai kwamba mkataba uwe umeandikwa. Kifungu cha 103 kinatambua makubaliano ya mdomo pia. Mpangaji asiye na karatasi ya mkataba asikubali kuambiwa kwamba hana haki yoyote. Risiti za kodi, ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money, na majirani wanaojua amefanya kazi pale tangu lini, vyote vinaweza kusaidia kuonyesha kwamba upangaji upo.

Kiini ni kifungu cha 133. Mwenye nyumba anayetaka kuvunja mkataba kwa sababu ya kodi lazima kwanza atume barua ya onyo, kupitia afisa wa mahakama anayeitwa huissier au kwa njia nyingine inayothibitisha kwamba mpangaji ameipokea. Barua hiyo itaje sharti gani la mkataba limevunjwa, na impe mpangaji mwezi mmoja wa kurekebisha. Bila mambo hayo mawili, onyo halina nguvu. Mwezi ukipita bila malipo, ni mahakama inayovunja mkataba na kuamuru mpangaji atoke.

Na kama mkataba unasema kwamba utavunjika wenyewe pale kodi ikichelewa? Hata hapo onyo la mwezi mmoja linabaki, na jaji ndiye anayethibitisha. Kifungu cha 134 kinaweka kanuni hiyo kati ya zile ambazo watu hawawezi kuzifuta kwa makubaliano yao. Sentensi inayosema "mwenye nyumba ataweza kufunga duka bila taarifa" haina uzito mbele ya mahakama, hata kama mpangaji aliitia sahihi.

Pale ambapo hakuna deni, na mwenye nyumba anataka tu chumba chake, kwa mkataba usio na muda maalumu anapaswa kutoa taarifa angalau miezi 6 kabla. Kuuza nyumba pia hakumfukuzi mpangaji: aliyenunua anaupokea mkataba kama ulivyo.

Na bidhaa zilizomo ndani?

Hapa ndipo ujeuri unakuwa mkubwa zaidi. Baadhi ya wenye nyumba hubeba friji, mashine za kushona au magunia ya unga, wakisema ni dhamana ya kodi. Sheria ya OHADA kuhusu ulipaji wa madeni, iliyopitiwa upya mwaka 2023, inamruhusu anayedai kuomba mali ya mdaiwa izuiliwe. Kwa kodi inayotokana na mkataba ulioandikwa, inaweza hata kumrahisishia njia. Lakini anayezuia ni huissier, baada ya onyo rasmi, kwa hati inayoorodhesha kila kitu. Mali iliyozuiliwa namna hiyo haiwi ya mwenye nyumba, na haiuzwi bila uamuzi unaoweza kutekelezwa. Kubeba vitu usiku kwa toroli hakumo katika sheria yoyote.

Siku ya kwanza ndiyo yenye thamani

Mpangaji aliyefungiwa asivunje kufuli. Akivunja, anampa mwenye nyumba nafasi ya kumshitaki yeye, na kama kitu kitapotea hakuna atakayejua kilipotea mkononi mwa nani.

Siku hiyohiyo amtafute huissier aje kuandika hati ya alichokiona: kufuli, tarehe, saa, na majina ya waliokuwepo. Kama huissier hapatikani, picha na maandishi ya mashahidi ni bora kuliko kukaa kimya. Kisha aandike orodha ya bidhaa zilizomo na akusanye fakta alizonunulia.

Hatua ya pili ni barua kwa mwenye nyumba ya kumtaka afungue mlango ndani ya muda mfupi. Kama kuna kodi anayokubali kudaiwa, mpangaji aitoe kwa njia rasmi kupitia huissier, hata kama mwenye nyumba ataikataa. Kwa namna hiyo hakuna atakayesema mbele ya jaji kwamba alikataa kulipa.

Hatua ya tatu ni mahakama ya biashara, au mahakama kuu pale ambapo ya biashara haipo. Kifungu cha 132 kinasema migogoro hii isikilizwe kwa muda mfupi. Mpangaji anaweza kuomba mambo mawili pamoja: mlango ufunguliwe, na alipwe fidia ya siku alizopoteza na bidhaa zilizoharibika. Mwenye nyumba anawajibika kwa usumbufu anaouleta yeye au watu wake, na kifungu cha 258 cha sheria ya madeni kinamtaka kila aliyemletea mwenzake hasara airekebishe. Kama vitu vimebebwa au kuvunjwa, malalamiko yanaweza kupelekwa pia parquet.

Asiye na pesa ya mwanasheria aulize kwenye baraza la wanasheria la jimbo lake: sheria inayoongoza kazi yao inatambua ofisi za ushauri wa bure kwa wasio na uwezo.

Malalamiko ya wenye nyumba

Wenye nyumba wana lao la kusema. Kuna wapangaji wanaolimbikiza miezi 6 ya deni, kisha wanahama usiku. Kesi inagharimu, na wajane wengi wanaishi kwa kodi ya chumba kimoja cha biashara. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini kufuli haiyatatui.

Chukua mfano. Kodi ni dola 150 kwa mwezi na deni ni la miezi 3, yaani dola 450. Ndani ya duka kuna samaki wa kuganda na unga wa dola 2 000. Wiki mbili za mlango uliofungwa zinatosha kuharibu samaki wote. Mwenye nyumba aliyekuwa na haki ya dola 450 sasa anaweza kudaiwa zaidi ya alichokuwa anadai, na hataweza kwa urahisi kudai kodi ya siku ambazo yeye mwenyewe alizuia duka kufanya kazi. Barua ya mwezi mmoja ingemgharimu kidogo zaidi.

Tatizo lingine ni viongozi wanaosimamia kufuli hizo. Mara nyingi mkuu wa kata au polisi husimama pembeni wakati mlango unafungwa, au OPJ humuita mpangaji na kumtisha kumfunga. Deni la kodi si kosa la jinai. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Kongo imo tangu 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Hata hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 katika Kivu Kaskazini na Ituri ilipeleka kwa mahakama za kijeshi kesi za jinai. Mgogoro wa kodi haukuwa kazi ya wanajeshi.

Vita vimezidisha ugumu

Kwa Goma, iliyoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu, iliyofuata Februari, mabenki yalifunga milango na kazi ya mahakama za serikali ikavurugika. Mpangaji ambaye pesa yake ilikwama benki anaweza kuomba hali hiyo izingatiwe, kwa sababu sheria inatambua nguvu isiyozuilika. Haifuti deni lote yenyewe, lakini inaweza kumkinga na fidia ya kuchelewa. Huko, makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi ni njia ya busara kwa pande zote mbili. Na aliyefungiwa duka atunze karatasi zake: kwa madai ya biashara, OHADA inatoa miaka 5 ya kushitaki.

Mameya na wakuu wa komine wanaweza kuanza leo, bila kungoja bajeti: waandikie wakuu wa kata na polisi kwamba hakuna kiongozi anayeruhusiwa kuwepo mlango wa duka unapofungwa bila uamuzi wa mahakama. Shirikisho la wafanyabiashara, FEC, nalo liwape wanachama wake mfano wa mkataba na wa barua ya onyo. Karatasi mbili tu, zikibandikwa kwenye kila soko, zingewaepusha wengi na hasara.