Chupa ya maji si taka, Voi ianze kuihesabu kama mali

Ukitaka kuingia Tsavo Mashariki kupitia geti la Voi, acha nje chupa ya maji ya kutumia na kutupa. Marufuku ya plastiki za aina hiyo kwenye mbuga, fuo na misitu ilianza Juni 5, 2020. Rudi mjini sasa, mwendo mfupi tu. Chupa hizo hizo zinauzwa kwenye madirisha ya mabasi ya Mombasa na Nairobi, na nyingi zinaishia mtaroni.

Mtaro haujui mpaka wa mbuga. Mto Voi unatoka Milima ya Taita, unapita mjini, kisha unaingia Tsavo Mashariki. Mvua ikinyesha kwelikweli, chupa tupu iliyofungwa kifuniko inaelea tu na kwenda na maji. Kilichozuiwa getini kinaingia kwa mlango wa nyuma.

Sisi tunasema kosa kubwa ni kuiita chupa hiyo taka. Igeuze chini: utaona namba 1 ndani ya pembetatu. Hiyo ni PET, na PET ni poliesta, ile ile ya jezi uliyovaa. Whinfield na Dickson, wanakemia wa Uingereza, waliivumbua mwaka 1941 wakitafuta uzi wa nguo. Chupa ilikuja baadaye sana. Mmarekani Nathaniel Wyeth alipata hataza yake 1973.

Leo iko kila mahali. Ni uzi wa fundi cherehani, mkanda wa kiti cha matatu, nyuzi zilizofichwa ndani ya tairi, vitu laini vinavyojazwa kwenye mto wa kulalia, na mikanda ya kufungia mizigo. Chupa ikisagwa, ikaoshwa na kuyeyushwa kwenye joto la takriban digrii 250, inaweza kuvutwa kuwa uzi tena. Kaunti hii inajua thamani ya uzi: mkonge wa Mwatate unalimwa kwa sababu hiyo hiyo.

Mbona basi chupa hailipi hapa kwetu? Si kwa sababu watu wa Voi ni wachafu. Mama wa kibanda anaiosha na kuwekea asali, maziwa au mafuta ya kupima. Tatizo ni usafiri. Chupa ambazo hazijabanwa ni hewa tupu. Lori linajaa kabla halijabeba uzito wa maana, na wanunuzi wakubwa wako mbali. Kijana anayeokota anabaki na gunia kubwa na pesa kidogo.

Hapo ndipo sheria inafaa kushika kazi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema anayeleta bidhaa sokoni abebe pia mzigo wa mabaki yake, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambua taka. Kwa hivyo tunaiomba serikali ya Taita Taveta mambo mawili: sehemu za kukusanyia chupa kwenye steji ya Voi, stesheni ya SGR na soko la Taveta, na mashine ya kubana ambayo vikundi vya vijana vitaitumia. Kampuni za vinywaji nazo zichangie gharama ya lori. Faida ya soda wanachukua wao. Gharama ya chupa isiachiwe mto.

Nasi vijana tuna sehemu yetu. Mwaga kilichobaki, toa kifuniko maana hicho ni plastiki ya aina nyingine, kanyaga chupa ipungue, iweke kando na maganda ya ndizi. Usiichome nyuma ya nyumba; moshi wake unavutwa na ndugu zako wadogo.

Kazi tunalia hakuna kila siku. Huku nyingine inapita mbele yetu, imefungwa kifuniko, ikielekea Tsavo.