Karema: bandari mpya imefika, misheni ya zamani italindwa na nani?

Msikilizaji wa Kabwe anayepanda boti kuelekea kaskazini anaijua Karema, na siku hizi anaijua zaidi kwa bandari mpya iliyokamilika mwaka 2022, inayotegemea mizigo ya Kalemie na Moba ng'ambo ya ziwa. Lakini kabla ya meli hizo kulikuwa na misheni, na kabla ya misheni kulikuwa na ngome. Tumeulizwa mara kadhaa ilikuwaje nyumba ya ibada ikaanza na kuta za kijeshi.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili, alianzisha kituo hapo. Walisema wanakuja kwa ajili ya sayansi na kukomesha utumwa. Wakajenga ngome juu ya kilima kando ya maji. Maji hayo hayakukaa. Wakati huohuo Ziwa Tanganyika lilikuwa limeanza kutoka kwa kasi kupitia mto Lukuga, upande wa Kongo, na kufikia miaka ya 1890 kina chake kilikuwa kimeshuka kwa takribani mita 10. Ngome ikabaki mbali na ufuko.

Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulipogawa nchi zetu, Karema ikaangukia upande wa Wajerumani. Leopold hakuwa na kazi nayo tena, akawakabidhi Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu wanawaita White Fathers. Ndivyo ngome ilivyogeuka misheni mwaka 1885. Watoto waliokombolewa utumwani walilelewa pale, na vijiji vya Wakristo vikakua kuizunguka.

Jina ambalo wazee hawalisahau si la Mzungu. Ni Adrian Atiman, mzaliwa wa karibu na Timbuktu, Mali. Alitekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na mapadri huko Algeria, akasomea uganga Malta. Alifika Karema mwanzoni mwa 1889, akaoa binti wa mtemi, akatibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Ni waganga wachache wa wilaya zetu leo wanaokaa kituo kimoja hata miaka saba.

Mwaka 1969 Jimbo la Karema liliitwa Jimbo la Sumbawanga. Uzito wa kanisa ukahamia nyanda za juu, na Karema ikabaki parokia ya ziwani.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo kwenye shida. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kazi ya Cambier ilianza miaka 16 baadaye. Jengo la umri huo linapata ulinzi pale tu waziri mwenye dhamana anapolitangaza. Bila tangazo, kuta hutegemea mapenzi ya mwenye nyumba na mfuko wake.

Bandari inapokuja, ardhi hupanda bei, maghala hutafuta nafasi, na matofali ya zamani huonekana mali ya bure. Hatuipingi bandari, mkulima wa mahindi wa Ufipa anaihitaji. Tena ziwa lenyewe limegeuka. Mwaka 2024 lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu kuanzia Bujumbura na Uvira hadi mwambao wetu. Wanaohama ufukweni watatafuta sehemu zilizoinuka, na ngome ilijengwa kwenye sehemu iliyoinuka.

Kwa maoni yetu, ombi la kutangazwa lianzie parokiani na kwenye serikali ya kijiji, lipite halmashauri, kabla viwanja havijapimwa. Mipaka ikishawekwa, kurudi nyuma ni kesi, na kesi za ardhi mnazijua zinavyochukua miaka.